Mapenzi Yapimwayo kwa Dhiki

Wazee wetu walituachia neno lisilohitaji mfasiri: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulilikumbuka neno hilo tulipokuwa Katumba, katika Mkoa wa Katavi, huko ambako reli itokayo Kaliua hupita kuelekea Mpanda. Katika soko dogo tulimkuta binti auzaye dagaa amejiinamia nyuma ya meza yake, anasoma kitabu kilichovikwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Mzee mmoja aliyekuja kununua alisubiri kidogo, akakohoa, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mapenzi ya vitabuni hayapiki ugali." Binti akainuka kwa adabu, akampimia dagaa wake, akajibu, "Ni kweli, babu. Lakini hata hawa wa humu ndani wana njaa."

Kitabu chenyewe kilikuwa Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya iliyotolewa mwaka 1975. Jibu la binti yule tuliondoka nalo, na leo twataka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu.

Wako ndugu wengi, na baadhi yao ni viongozi wa matawi na walimu, washikao upande wa yule mzee. Hao husema kwamba riwaya za mapenzi ni kazi ya wavivu. Mfanyakazi akitaka kusoma, basi na asome gazeti, au sheria za kazi, au kitabu cha kilimo bora cha tumbaku. Wako na wengine wasemao kwamba kitabu ni starehe kama starehe nyingine, kila mtu na asome apendalo, asiulizwe. Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Twaamini kwamba riwaya ya mapenzi ni shule, ila ni shule yenye walimu wema na walimu wabaya, na msomaji hana budi kujua kuwapambanua. Kipimo chetu ni maswali mawili. Dhiki iliyomo kitabuni imetoka wapi? Na wapendanao waifanyia nini dhiki hiyo?

Tuanze na walimu wabaya. Kila mtu amesoma hadithi ya namna hii, iwe katika gazeti la kila wiki, iwe katika simu ya mkononi. Kijana maskini ampenda binti mzuri. Anatokea mwenye wivu, pamoja na mganga, na sumu, na barua ya uongo. Binti analia kurasa mia. Mwishoni anazuka tajiri ambaye kumbe ni mjomba aliyepotea, au mchumba mwenye gari, na taabu yote inayeyuka kama umande. Dhiki ya hadithi hiyo haina mzizi. Haikutokana na mshahara mdogo, wala na shamba lililonyang'anywa, wala na sheria mbovu, wala na mila iliyozeeka. Imetoka katika roho mbaya ya mtu mmoja, na imeondoka kwa fedha ya mtu mwingine. Msomaji hulia, akafunga kitabu, naye hajui zaidi ya alivyojua. Lililo baya zaidi ni kwamba amefundishwa kungoja. Kijana angoja bahati, binti angoja gari, wala hakuna aulizaye kwa nini kazi ya mikono yao haiwatoshi kula.

Walimu wema hawafanyi hivyo. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, atuonyesha Rehema, mtoto wa baba mwenye mali, akiwa mke wa Sulubu, mkulima asiye na kitu ila nguvu zake. Mapenzi yao hayapimwi kwa maneno matamu. Yapimwa kwa jembe, katika kipande cha ardhi wanachokifanya kiwe shamba, na ambacho baadaye wengine wasimama kukidai. Msomaji aonaye hayo hulia, naam, lakini akiisha kulia huuliza: ardhi ni ya nani, ya mwenye hati au ya mwenye jasho? Swali hilo si geni kwa mkulima ye yote wa nchi hii.

Shida nayo yaeleza habari za Chonya na Matika, vijana wawili watokao kijijini kwenda mjini kutafuta nafuu, na mji ukawalaki kwa mateso. Iliandikwa miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati taifa zima lilipokuwa likijiuliza kijiji ni nini na mji ni nini. Na katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, Yasmin ambaye ameozwa akiwa mtoto kwa mtu wa makamo anavunja minyororo hiyo, ndipo anapokutana na Denge, kijana anayeandamwa na askari wa serikali ya kikoloni. Hapo mapenzi yanaulizwa swali zito: je, waweza kumpenda mtu ambaye nusu ya moyo wake ameitoa kwa ukombozi wa wenzake? Riwaya hiyo imetengenezewa filamu, iliyotoka mwaka 2021 chini ya uongozi wa Amil Shivji. Hatutasema inaishaje, kwani hatupendi kuwaibia wasomaji haki yao.

Asitokee mtu akasema kwamba mambo haya ni madogo mno kwa wenye shughuli za taifa. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alikaa akafasiri tamthilia za Shakespeare. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Ndani yake mna mkopo, na mkataba wa kutisha, na mna mapenzi ya Bassanio na Portia yaliyojaribiwa na deni la rafiki. Mtu aliyekuwa na nchi nzima mabegani hakuona aibu kushughulika na habari za posa na pete. Aliona, twadhani, kwamba penye deni na mapenzi pamoja, hapo ndipo ubinadamu hujulikana.

Sasa turudi Katumba, kwani tuna sababu ya kupataja mahali hapo. Katumba haikuanza kama vijiji vingine. Ilianzishwa mwaka 1973 iwe makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Waliletwa porini wakapewa mashamba, wakakata miti, wakajenga, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, hata wakajilisha wenyewe na kuwauzia wengine. Watoto wao walisoma katika shule zifuatazo mtaala wa Tanzania. Nyumbani walisikia Kirundi, darasani Kiswahili. Kwa hiyo vijana wengi wa pale, walipokutana na riwaya ya mapenzi kwa mara ya kwanza, walikutana nayo kwa lugha ambayo babu zao walikuja nchini bila kuijua vizuri.

Mwaka 2007 Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi hao wa mwaka 1972 wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Zaidi ya elfu hamsini walirudi. Twaomba msomaji asiyapite maneno hayo haraka. Kuchagua huko hakukufanyika katika ofisi peke yake. Kulifanyika usiku, ndani ya nyumba, baina ya mume aliyezaliwa ng'ambo ya pili na mke aliyezaliwa Katumba. Baina ya mama aliyetaka kuzikwa kwao na mwana aliyetaka kuoa hapa. Na waliobaki hawakumaliza taabu. Uraia wa zaidi ya watu 160,000 uliidhinishwa mwaka 2010, lakini ulifungamana na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Mpango huo ukasimama. Vyeti havikuanza kutolewa mpaka mwaka 2014. Miaka minne mtu hajui atavuna hapa au atavuna pengine. Je, ajenge nyumba ya matofali au asijenge? Je, apande miembe? Je, apose?

Wasomaji wa Katumba, basi, hawahitaji kufundishwa dhiki ni nini. Katika jambo hili wao ni mahakimu. Mwandishi akiwaletea dhiki ya uongo, ya sumu na ya mjomba tajiri, wataifurahia jioni moja, kisha wataitupa. Akiwaletea dhiki ya kweli, watasema: huyu atujua. Ndiyo maana ya jibu la binti yule. Watu wa kitabuni wana njaa ile ile aijuayo yeye, naye ataka kuona waliishi vipi nayo, na kama waliweza kupendana bila kufichana ukweli.

Kwa wazazi wenye hofu tuna neno moja la kuwaambia. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alitoa Rosa Mistika. Wako waliokasirika, kwa kuwa mwandishi alisema waziwazi mambo yaliyosemwa kwa kunong'ona, nayo ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye iliruhusiwa, ikasomwa na kufundishwa. Nini kimo ndani yake? Mna baba, Zakaria, ampigaye binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, asimweleze lolote juu ya dunia inayomngoja. Binti akatoka nyumbani akiwa na woga bila maarifa, na woga bila maarifa ukamwangamiza. Kwa hiyo wale walioficha kitabu kile walifanya jambo lile lile ambalo kitabu chenyewe kililia juu yake. Mzazi amnyang'anyaye binti riwaya hajayaondoa mapenzi duniani. Ameondoa tu nafasi ya kuyazungumza.

Hatusemi kila kitabu kiachwe mikononi mwa kila mtoto. Umri una haki yake, na mzazi ana haki yake. Twasema kwamba mzazi na asome kwanza, kisha asome pamoja na mwanawe, kisha waulizane maswali yale mawili: dhiki hii imetoka wapi, na hawa waliifanyia nini? Mazungumzo ya robo saa juu ya Matika au Rosa yaweza kumfaa binti kuliko mahubiri ya mwaka mzima, kwani katika habari za mtu mwingine mtoto husema yale asiyothubutu kuyasema juu ya nafsi yake.

Na kwa matawi na vyama vya wafanyakazi twapendekeza jambo jepesi. Ofisi nyingi zina kabati lenye mafaili ya zamani na vumbi. Na itengwe rafu moja. Wanachama kumi wakichanga kidogo kidogo watanunua vitabu vichache, na kitabu kimoja chasomwa na watu hamsini kabla hakijachakaa. Asiyejua kusoma vizuri na asomewe jioni. Si aibu, bali ni desturi yetu ya tangu zamani ya kusikiliza pamoja. Tena twawaomba vijana wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu washike kalamu. Sasa iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya ni moja ya fani zake. Habari za wawili waliochumbiana mwaka 2010 wasijue wataishi mkoa gani zastahili kuandikwa na mtu aliyezila pamoja na ugali wake.

Mzee yule wa sokoni, baada ya kulipa, alikawia kidogo. Akauliza, kama asiyejali, "Huyo kijana wa kitabuni, amempata mchumba wake?" Binti akamwambia kwamba bado hajafika huko, naye aje kesho atamsimulia. Mzee akasema atakuja, kwa kuwa hata hivyo dagaa wale hawatatosha siku mbili.

Sisi twaamini alirudi. Na kama alirudi, basi pale penye meza ya dagaa palifunguliwa darasa ambalo hakuna aliyelipangia fedha. Kazi yetu sisi wenye ofisi, rafu na magazeti ni kuhakikisha kwamba binti yule akimaliza kitabu hicho, kiko cha pili.