Jukwaa, Gati na Ukingo: Maelezo juu ya Vituo vya Reli Nyepesi za Mjini

Katika nyanda zote za Ufipa hakuna reli. Mtu wa Msanzi atakaye kupanda treni hana budi kwenda Tunduma, kwenye reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, au kupita Sumbawanga na kushika njia ya kaskazini hadi Mpanda, unapoishia mkono wa Reli ya Kati utokao Kaliua. Walakini upande wa kusini-magharibi liko Ziwa Tanganyika na bandari ya Kasanga, na huko mtu hujifunza habari ya vituo vya reli kuliko katika stesheni nyingi za kale.

Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, katika miaka ya safari zake ilikuta gati mahali pachache tu, Kasanga pakiwa pamojawapo. Penginepo ilisimama majini, abiria wakaletwa kwa mashua na kuparamia mlango wa ubavuni, wazee na mizigo wakivutwa kwa mikono. Penye gati mtu huvuka. Pasipo gati hukwea. Mpangilio wote wa kituo cha reli nyepesi wategemea tofauti hiyo.

Gari la reli nyepesi aghalabu huwa na sakafu ya chini, na jukwaa lake huinuka kiasi cha sentimita 30 au 35 tu. Faida yake yaonekana katika hesabu. Mteremko ufaao kiti cha magurudumu, wa 1 kwa 12, wahitaji mita 3.6 kwa jukwaa la sentimita 30. Jukwaa la sentimita 90 lahitaji karibu mita 11, na mahali pa urefu huo katikati ya barabara ya mji ni adimu. Tena jukwaa lapaswa kukaa penye reli iliyonyoka, maana penye pindo gari huacha mwanya, ama kwenye milango ya kati, ama ya mwisho.

Majukwaa huwekwa kwa namna mbili kuu. Jukwaa moja laweza kuwa katikati ya njia mbili za reli, kama kisiwa: paa moja na ngazi moja hutosha, na aliyekosea upande hugeuka tu nyuma. Lakini njia hulazimika kuachana ili kulizunguka. Majukwaa mawili ya pembeni huacha reli zinyoke, ila kila kitu hujengwa mara mbili. Penye njia panda majukwaa hayo huweza kupishana, moja huku na moja ng'ambo, ili barabara isipanuliwe mno mahali pamoja.

Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi mwaka 2015, mistari miwili yenye urefu wa kilomita 34 hivi na vituo 39. Kwa kuwa sehemu kubwa yapita katikati ya barabara, abiria huvuka magari kabla ya kufika jukwaani, na hapo uzuri wa jukwaa haumsaidii kitu. Dar es Salaam haina reli ya namna hiyo. Mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza mwaka 2016, ndiyo yaliyo karibu nayo, kwani vituo viko katikati ya barabara, sakafu ya kituo yalingana na ya basi, na milango itumikayo hapo iko kulia.

Kwa upande wa lugha, jukwaa ni neno la kitu kilichoinuliwa ili mtu aonekane au aone. Lataja kimo, halitaji kando ambayo chombo hujileta. Gati lingefaa zaidi kwa maana, lakini limekwisha kumilikiwa na bandari, na kulihamisha sasa kungeleta mchafuko bure. Vivyo hivyo kitenzi kupanda chaendelea kutumika hata pale ambapo hakuna kinachopandwa. Hilo halina madhara.

Madhara yako katika hesabu ya majukwaa. Jukwaa la kisiwa ni moja, lakini lina kingo mbili, na treni za pande mbili husimama humo. Tangazo lisemalo "jukwaa la pili" humpotosha mgeni aliyekwisha kusimama juu ya jukwaa lililo pekee machoni pake, akitafuta jingine ng'ambo ya reli. Kwa sababu hiyo yafaa kingo zihesabiwe, si majukwaa: "ukingo wa kwanza", "ukingo wa pili", na jukwaa liachiwe maana ya jengo zima.