Fuvu la Mbwa na Utosi wa Mtoto

Pengine umewahi kuona fuvu la mbwa kando ya njia. Lilinganishe na kichwa chako.

Fuvu la mbwa ni refu. Sehemu kubwa yake ni pua na taya, maana mbwa huishi kwa kunusa na kuuma. Chumba cha ubongo ni kidogo, tena kiko nyuma. Ubongo wa mbwa wa kawaida una uzito wa gramu 70 hadi 100. Wa mtu mzima ni gramu 1,300 hivi. Ndiyo maana fuvu letu ni la mviringo na taya letu ni fupi. Lakini tusipime akili kwa mizani! Ubongo wa tembo unazidi kilo 4, na tembo hasomi gazeti hili.

Ubongo mkubwa una taabu yake. Kama mtoto angezaliwa na kichwa kilichokwisha kukua, asingepita katika nyonga za mama. Kwa hiyo huzaliwa na ubongo mdogo, kama robo ya ule wa mtu mzima, na mifupa ya fuvu haijaungana. Pengo la mbele ndilo utosi. Mara nyingi hufunga kati ya miezi 12 na 18.

Utosi unaodunda si ugonjwa. Hayo ni mapigo ya moyo. Lakini mtoto akiharisha na utosi ukibonyea, maji yamepungua mwilini. Wengine hupaka dawa ya majani utosini. Mama, maji yamepotea tumboni, hayawezi kurudi kwa kupaka kichwani! Mnyonyeshe mara kwa mara, mpe maji ya dawa ya kuharisha ya pakiti, na umpeleke zahanati.

Utosi ukivimba mtoto akiwa ametulia, tena ana homa, huenda ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Usingoje kesho.

Kichwa nacho hupimwa. Zungusha tepu ya fundi cherehani juu ya nyusi na nyuma palipotokeza. Mtoto mchanga huwa na sentimeta 35 hivi. Akitimiza mwaka hufika 45 au 46. Kichwa kikikua upesi kupita kiasi, na macho yakaelekea chini, huenda maji yanajaa ndani ya fuvu. Huo si uchawi. Hospitali kubwa humpasua mtoto na kuweka mrija wa kuyatoa. Akicheleweshwa, ubongo huumia, na mrija hauwezi kurudisha kilichokwisha kuharibika.