Je, Wajua? Mmoja Awatoa Watatu

Je, wajua kwamba katika besiboli mtu mmoja anaweza kuwatoa wapinzani watatu kwa mpira mmoja, bila kusaidiwa na mwenzake yeyote? Timu ikitolewa watu watatu zamu yake ya kupiga imekwisha, kwa hiyo tukio hilo huimaliza zamu nzima kwa sekunde chache. Katika ligi kuu za Marekani, kuanzia 1900 hadi msimu wa 2024, limetokea mara 15 tu. Katika kipindi hicho hicho, warushaji waliomaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni ni 22.

Lililo maarufu kuliko yote ni la tarehe 10 Oktoba 1920, mechi ya tano ya fainali za World Series. Wapigaji ni Brooklyn, walinzi ni Cleveland. Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili. Clarence Mitchell anaupiga mpira kwa nguvu, unakwenda umenyooka, na wakimbiaji wote wawili wanatimua mbio. Bill Wambsganss, mlinzi wa kituo cha pili, anaruka na kuudaka: Mitchell nje. Sheria inasema mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mkimbiaji lazima arudi kwenye kituo alichotoka. Pete Kilduff alishaelekea cha tatu, basi Wambsganss anakanyaga kituo cha pili: Kilduff nje. Anageuka, anamwona Otto Miller, aliyetoka cha kwanza, amesimama hatua chache mbele yake. Anamgusa kwa mpira. Watatu. Mitchell aliporudi kupiga, mpira wake ukawatoa wawili. Mapigo mawili, watu watano!

Je, wajua kwamba mwaka 1927 maajabu hayo yalitokea siku mbili mfululizo? Jimmy Cooney tarehe 30 Mei, Johnny Neun tarehe 31. Ikapita miaka 41 ndipo Ron Hansen akafanya tena, Julai 1968.

Je, wajua kwamba mpigaji anaweza kutangazwa ametolewa hata kama hakuna aliyeudaka mpira wake? Sheria hii ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kuzuia hila moja. Wakimbiaji wakiwa kituo cha kwanza na cha pili, mpira ukipaa juu karibu na vituo, wao hubaki pale pale wakihofia utadakwa. Mlinzi mjanja aliuacha uanguke makusudi. Wakimbiaji wakalazimika kukimbia wakiwa wamechelewa, naye akawatoa wawili kirahisi. Leo, ikiwa hawajatolewa watu wawili na mpira unadakika bila taabu, mwamuzi anainua mkono na mpigaji ametoka. Udakwe, usidakwe. Tarehe 5 Oktoba 2012 mwamuzi aliinua mkono huo kwa mpira ulioangukia mbali sana, nyuma ya walinzi wa vituo. Mashabiki wa Atlanta walitupa chupa na takataka uwanjani, mechi ikasimama dakika 19. Nawaelewa kabisa.

Je, wajua kwamba glovu ikirushwa na kuugusa mpira uliopigwa ndani ya uwanja, mpigaji hupewa vituo vitatu bure? Lakini glovu ikiwa na mpira ndani ni halali. Septemba 1986 Terry Mulholland wa San Francisco aliudaka mpira ukanasa kwenye glovu. Akakimbia kuelekea kituo cha kwanza, akamrushia mwenzake glovu yote. Mpigaji nje.

Kuupuliza mpira je? Tarehe 27 Mei 1981, Lenny Randle wa Seattle alilala kifudifudi akaupuliza mpira uliokuwa ukibingirika polepole hadi ukavuka mstari wa pembeni na kutoka nje. Waamuzi walibadili uamuzi wao, mpigaji akapewa kituo.

Na kiazi? Agosti 1987, katika ligi ya chini, mdakaji Dave Bresnahan alirusha kiazi kilichomenywa juu ya kichwa cha mlinzi wa kituo cha tatu. Mkimbiaji akadhani mpira umepotea, akaja nyumbani na kumkuta Bresnahan ameushika. Mwamuzi alimpa mkimbiaji pointi yake, klabu ikamwachisha kazi Bresnahan. Mwaka uliofuata timu hiyo hiyo ilistaafisha jezi yake namba 59 kwa heshima.

Je, wajua kwamba upo uwezekano wa kumtoa mtu wa nne? Tarehe 12 Aprili 2009 Arizona walidaka mpira wa Los Angeles Dodgers, wakamgusa mkimbiaji wa kituo cha pili, wakahesabu watatu pamoja na mmoja aliyetolewa awali, wakaondoka uwanjani. Lakini Andre Ethier, mkimbiaji wa Dodgers aliyekuwa kituo cha tatu, alikuwa ameshafika kituo cha nyumbani kabla ya mwenzake kuguswa. Ethier hakurudi cha tatu mpira ulipodakwa. Kuurusha mpira tu kituoni hapo na kukata rufaa kungetosha kumtoa yeye kama mtu wa nne na kuifuta pointi yake. Rufaa hiyo lazima ikatwe kabla walinzi hawajatoka uwanjani, nao walishatoka. Benchi la Dodgers liliijua sheria, likawakumbusha waamuzi, na pointi ikahesabiwa.