Matunzo, Upendo na Jumuiya: Fikra za Wanawake Weusi na Baraza la Wanawake wa Kibarbaigi

1.0 Utangulizi

Neno matunzo limezoeleka kutajwa pamoja na huruma na upole. Kutokana na mazoea hayo, kulea watoto, kuuguza wagonjwa na kumhudumia mzazi huhesabiwa kuwa silika ya mwanamke, wala si kazi yenye haki zake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi waandishi wanawake Weusi walivyoipinga dhana hiyo, na kuonyesha kuwa hoja yao ina mfano ulio wazi katika eneo la Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

2.0 Upendo Wenye Wajibu

Mwaka 1977 kikundi cha wanawake Weusi wa Boston, Marekani, kilichoitwa Combahee River Collective, kilitoa tamko lililoeleza kuwa siasa yao inachimbuka katika kujipenda wao wenyewe, kuwapenda dada zao na kuipenda jumuiya yao. Audre Lorde, katika A Burst of Light (1988), aliandika akiwa mgonjwa wa saratani, na akakuona kujitunza kuwa sehemu ya mapambano. Naye bell hooks, katika Yearning (1990), alieleza kuwa chini ya ubaguzi wa rangi nyumba iliyotunzwa na mwanamke Mweusi ilikuwa ngome ambamo watu walirudishiwa utu wao.

Hata hivyo, hooks hakuishia katika kusifu. Katika All About Love (2000) anadai kuwa matunzo ni sehemu moja tu ya upendo. Nyingine ni pamoja na heshima, uaminifu na uwajibikaji. Penye unyanyasaji, kwa maoni yake, hapana upendo, hata kama matunzo yapo. Hoja hii inazua swali la msingi: ni nani atakayemwajibisha yule anayefaidi matunzo na kumdhulumu mtunzaji?

3.0 Mfano wa Mbulu na Hanang

Tlawi ni kata ya wilaya ya Mbulu, katika nyanda za juu za Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Kusini yake ni Hanang, wanakoishi Wabarbaigi, tawi la Wadatoga, ambao ni wafugaji wenye lugha ya Kiniloti. Jamii hizi mbili zimekuwa majirani kwa muda mrefu, na katika zote mbili wataalamu wameandika juu ya wanawake wanaosimama kwa pamoja. Kwa upande wa Wairaqw, Katherine Snyder (1997) aliichambua ibada ya masay, ambayo huikinga jamii na madhara, sambamba na upinzani wa wanawake dhidi ya mamlaka ya wazee.

Mfano wa Wabarbaigi ndio unaolijibu swali la hapo juu moja kwa moja. Kwa mujibu wa George Klima (1964), Wabarbaigi walikuwa na baraza la wanawake, girgwageda gademga, lililokutana pale mwanamume alipokosa dhidi ya haki za wanawake, kwa mfano kwa kumdhulumu mzazi aliyekuwa bado anakaa ndani baada ya kujifungua. Mkosaji alitozwa faini ya ng'ombe dume. Akikaidi, alikabiliwa na laana.

Lililo muhimu hapa ni kuwa kosa halikuhesabiwa kuwa la mume na mke tu. Aliyemdhulumu mzazi mmoja aliwakosea wanawake wote. Matunzo ya mzazi yalikuwa na walinzi, na walinzi hao walikuwa na uwezo wa kuadhibu. Aidha, isidhaniwe kuwa baraza hilo liliondoa mamlaka ya wanaume: mabaraza yao yaliendelea kuamua mambo mengine ya jamii. Haki iliyolindwa ilikuwa na mipaka, lakini ilikuwa haki, si fadhila.

4.0 Sauti ya Fasihi ya Kiswahili

Penina Muhando aliligusa suala hili katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982). Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami, kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shida za nyumbani kwake na umoja wao unalegea. Kinyume cha baraza la Kibarbaigi, wanawake wa Patata wanabeba matunzo bila chombo cha kuwalinda. Hivyo mzigo wa kila mmoja unabaki kuwa siri ya nyumba yake.

5.0 Hitimisho

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga. Kutunza ni kulinda na kuhudumia. Vilevile ni kumpa zawadi mchezaji wa ngoma aliyependeza, mbele ya hadhara. Maana hizi mbili hazina budi kwenda pamoja. Anayetunza naye hustahili kutunzwa, na jambo hilo halifai kuachiwa hiari ya mtu mmoja. Waandishi Weusi walifikia hoja hiyo kwa kalamu. Wanawake wa Hanang walikuwa wakiitekeleza katika baraza lao. Jumuiya inayodai upendo wa wanawake bila kuwawekea chombo cha kuulinda haijawapenda bado.