Mnahamia Dar? Pimeni Safari Kabla ya Kupima Sebule

Kama wewe na mwenzi wako mmekaa hivi karibuni mkaambiana, "Sasa basi, twende zetu Dar," subirini kidogo. Kabla hamjauza makochi na kuagana na majirani, nina neno moja la kuwaambia. Nalisema kwa sababu lilibaki kidogo tu linigharimu ndoa.

Mimi na mume wangu tulihama Mwanza mwaka 2016. Ndoa ilikuwa na miezi minane, bado tunaitana majina ya ajabu ajabu kwenye simu. Kazi tulipata karibu kwa mpigo: mimi ofisi moja ya pale Posta, yeye kiwandani, barabara ya Nyerere. Marafiki wakatuonea wivu. Kilichobaki ni nyumba tu, na nyumba tukaipata. Bunju, vyumba vitatu, uzio, mwembe uani, sebule ya kuchezea mpira. Kodi sh. 250,000 kwa mwezi. Bei hiyo, karibu na mjini, ungepata vyumba viwili vya kubanana. Nani angeiacha?

Tuliikagua Jumapili asubuhi. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa nyeupe, upepo unapita dirishani, dalali anatusifia ndege wanaolia kwenye mwembe. Kutoka Posta hatukumaliza hata saa moja. Jumapili asubuhi, msomaji wangu, Dar hudanganya.

Nilipokuwa Mwanza nilikuwa na uwezo wa kurudi nyumbani mchana, nikala ugali wangu kwa sato, nikarudi ofisini kabla bosi hajanitafuta. Bunju nilianza kuamka saa kumi alfajiri. Nikajifunza kugeuza na gari, yaani kupanda daladala linaloelekea mwisho wa safari ili ligeuke nami ndani na nipate siti. Jioni mchezo ni uleule. Mume wangu naye njia yake. Tukawa tunapishana gizani, tunarudi gizani. Ile sebule ya kuchezea mpira tuliikalia Jumapili tu, na hapo tumelala kwenye makochi kama wagonjwa.

"Nipo kwenye foleni"

Hakuna sentensi inayosemwa Dar kama hiyo. Na hakuna sentensi rahisi kuitilia shaka kama hiyo.

Mwezi wa tatu, masika yameanza, nikampigia mume wangu saa mbili usiku. "Nipo kwenye foleni," akasema. Nyuma yake nikasikia muziki na glasi. Foleni gani ina glasi? Nikanyamaza. Akaingia saa nne, nimekaa gizani namsubiri. Nikamwambia, "Kama una mtu, niambie leo nijue moja."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, viatu vimejaa matope. Akajibu taratibu: "Nikitoka saa kumi na moja nasimama njia nzima, nafika saa tatu. Nikikaa na wenzangu mpaka foleni ipungue, nafika saa nne lakini nimekaa kwenye siti. Sina mtu. Nina miguu inauma."

Ningetamani kukuambia kwamba nilimwamini palepale. Sikumwamini. Tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake. Kilichonizindua ni kwamba na mimi, mara mbili kila wiki, nilikuwa nabaki ofisini mpaka saa moja na nusu nikisubiri magari yapungue, tunapiga stori na wenzangu, simu ikiita nasema, "Nipo njiani." Wote wawili tulikuwa tunakimbia barabara ileile, kila mmoja anamdanganya mwenzake kidogo kidogo.

Wiki ile mama yangu akapiga simu kutoka Mwanza. "Mwanangu, kila nikipiga mmoja wenu hayupo. Hivi mmehamia wawili au mmoja?"

Jumamosi tukachukua karatasi na kupiga hesabu. Nauli za watu wawili, bodaboda za usiku kutoka kituoni, chipsi za kununua kwa sababu hakuna aliyewahi kupika. Zilizidi sh. 130,000 kwa mwezi juu ya zile ambazo tungetumia tungekaa karibu. Mume wangu akaandika chini yake idadi ya saa: tano kwa siku kila mmoja wetu. Hiyo ndiyo siri ambayo dalali hakuambii. Kodi ya Dar unalipa mara mbili, kwanza kwa hela, halafu kwa saa zako.

Kodi ya miezi sita tulishailipa, kwa hiyo tukavumilia mpaka iishe. Halafu tukahamia Tabata: vyumba viwili, sebule ndogo, sh. 350,000. Yeye akawa anafika kazini kwa nusu saa siku nzuri, mimi napitia Buguruni mpaka Posta. Wiki ya kwanza tulikula chakula cha usiku pamoja siku nne. Nakumbuka hata tulichokula: wali na maharage, na tukaongea mpaka yakapoa.

Kabla hamjahama, fanyeni haya

Sisemi msije. Dar ina raha zake na kazi zake, ndiyo maana watu hawaishi kuja. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Fikiria nao wote wanataka kufika kazini saa mbili.

1. Chora pembetatu. Weka alama kazini kwako, kazini kwa mwenzako, halafu nyumba. Wengi huchora mstari mmoja tu, wa yule mwenye mshahara mkubwa, na mwingine anajibeba. Hapo ndipo manung'uniko huanza. Kama kazi zenu ziko pande mbili tofauti za mji, tafuteni nyumba ambayo maumivu yanagawanyika, siyo inayompa mmoja raha na mwingine adhabu. Na jueni njia zenu. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Njia yake ni ya peke yake, ila vituoni asubuhi watu hujaa kweli kweli. Daraja la Kigamboni nalo lilifunguliwa 2016, na lile la Tanzanite, linalopita juu ya bahari kuelekea Oysterbay, likafunguliwa 2022. Vitu hivi vinabadilisha hesabu, lakini hesabu lazima uipige mwenyewe.

2. Fanyeni safari siku ya Jumatatu. Msikague nyumba Jumapili kama sisi. Kama mna ndugu au rafiki Dar, mmoja wenu atangulie wiki mbili. Aamke saa ya kazi, apande usafiri ambao mtaupanda, arudi jioni siku ya mvua. Atakayoyaona hayo, hakuna dalali atakayewaambia.

3. Msikimbilie kulipa mwaka mzima. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka, mkupuo mmoja. Ombeni miezi mitatu ya mwanzo, hata kama ni kwa kuongeza kidogo. Wengine watakataa, lakini kuuliza si ujinga. Dalali naye kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine wanataka hela ya kuwazungusha kabla hamjaona hata mlango. Hela ya kodi msimkabidhi dalali. Mwoneni mwenye nyumba uso kwa uso, ulizeni majirani kama kweli ni yake, andikishaneni mkataba mbele ya mashahidi. Kisha nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe. Mkija kuhitaji barua ya utambulisho, mtakuwa mnajulikana.

4. Ulizeni maji, umeme na mvua. Fungueni bomba, muonje. Sehemu nyingi za Dar watu wanategemea visima, na maji ya visima vingine ni ya chumvi. Utaoga nayo lakini chai hainyweki. Ulizeni kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine, maana ugomvi wa "nani ana friji" si mdogo. Halafu angalieni kuta za nje chini: mstari wa tope una maana maji yalifika hapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafukuza wengi kwenye bonde la Msimbazi, mpaka serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Nyumba ya bei poa bondeni ina sababu ya kuwa bei poa.

5. Wekeni msimamo kuhusu ndugu. Ukihamia Dar, ukoo mzima umehamia Dar. Kuna mdogo wako anayetafuta kazi, kuna shangazi anakuja Muhimbili, kuna binamu anapita tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Dar jembe lenyewe liko wapi? Kubalianeni mapema, nyie wawili: nani anakaribishwa, kwa muda gani, na nani anampa taarifa. Ndugu wa mume azungumze na mume, ndugu wa mke azungumze na mke. Mkiacha mpaka mgeni awe tayari sebuleni na begi lake, mmeshachelewa, na mmoja wenu ataonekana ana roho mbaya bure.

6. Semeni mlipo. Hili ndilo kubwa kwangu. Mkikubaliana kwamba mtu akichoka anaweza kukaa na wenzake saa moja kusubiri foleni ipungue, basi aseme, "Nimekaa hapa mahali fulani, naondoka saa mbili." Hakuna dhambi hapo. Dhambi inaanza pale "foleni" inapogeuka kuwa kichaka cha kujificha. Leo ni foleni ya kweli, kesho ni nusu kweli, keshokutwa hakuna anayemwamini mwenzake hata akiwa kweli amekwama Ubungo.

Na wanaokaa mbali?

Najua utaniuliza: mbona wapo wanaoishi Chanika, Goba au Madale na ndoa zao zimesimama? Wapo, tena wengi. Wengine wamejenga, na nyumba yako mwenyewe ina uvumilivu wake. Wengine kazi yao iko hukohuko, au wanafanya siku kadhaa wakiwa nyumbani kwa intaneti. Wengine walikaa chini, wakakubaliana: miaka mitatu tutateseka, tutaweka akiba, halafu basi. Hao hawana tatizo, kwa sababu wote wawili walijua bei kabla ya kununua. Sisi tulinunua sebule bila kuuliza bei ya barabara.

Mume wangu hunitania mpaka leo. Tukienda kumsalimia mtu mwenye nyumba kubwa, ananiminya mkono na kuninong'oneza, "Sebule nzuri. Uliza wanakula saa ngapi." Tunacheka. Lakini naijua ile karatasi iko wapi, yenye nauli juu na idadi ya saa chini. Iko kwenye droo pamoja na cheti cha ndoa. Nadhani inastahili kukaa hapo.

Karibuni Dar. Ila mkija, njooni wote wawili.