Stanley Vitani (2): Kutoka Shiloh hadi Unyaturu

Wiki iliyopita tulimwacha John Rowlands, Mwelshi aliyezaliwa mwaka 1841, akiwa ameshuka melini New Orleans na kujitwalia jina la mfanyabiashara ambaye Rowlands mwenyewe alidai kuwa ndiye mlezi wake. Tangu hapo akaitwa Henry Stanley. Wasomaji wengi wanamfahamu kwa sababu ya Livingstone na Ujiji, lakini wa Singida wana sababu nyingine ya kumjua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipolipuka mwaka 1861, alikuwa muuza duka Arkansas. Anasimulia mwenyewe kwamba alipokawia kujiandikisha jeshini aliletewa kifurushi. Alipokifungua alikuta nguo za ndani za kike. Tusi lilimwingia. Akajiunga na Kikosi cha 6 cha Arkansas, upande wa majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakipigania kubaki na watumwa.

Asubuhi ya Aprili 6, 1862, huko Shiloh, yeye na rafiki yake walichomeka maua kwenye kofia zao, eti adui akiyaona adhani ni watu wa amani. Haikusaidia. Risasi iligonga bamba la mkanda wa Stanley, na siku ya pili akatekwa.

Kuanzia hapo rekodi yake haina cha kujivunia. Katika kambi ya wafungwa ya Chicago, iliyojaa maradhi, alikubali kuhamia jeshi la Kaskazini ili atoke. Aliwekwa kwenye mizinga, akaugua kuhara damu, na haukupita mwezi akaachishwa. Mwaka 1864 aliingia jeshi la majini, akawa karani wa meli ya Minnesota. Februari 1865 akatoroka. Alizitumikia pande zote mbili za vita, na kote huko hakuwahi kuwa ofisa.

Uofisa alijipa mwenyewe, tena huku kwetu.

Novemba 1874 aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, wengi wao Wangwana wa Unguja na Wanyamwezi, pamoja na Waingereza watatu na mashua ya Lady Alice iliyobebwa vipande vipande. Gharama zililipwa na magazeti mawili, moja la New York na jingine la London. Katika msafara huo alikuwa mkali mno kwa watoro: walichapwa viboko na kufungwa minyororo. Ni ukali wa ajabu kwa mtu aliyeikimbia meli yake mwenyewe.

Badala ya kufuata njia ya Tabora iliyozoeleka, alipotoka Ugogo alikata kaskazini. Mvua na njaa viliwaandama. Januari 17, 1875, Edward Pocock, mmoja wa wale Waingereza watatu, alikufa kwa homa mahali ambapo Stanley anapaita Chiwyu. Baada ya siku chache Kaif Halleck, mchukuzi mgonjwa aliyebaki nyuma, alikutwa ameuawa. Ndipo msafara ukaingia Vinyata, katika nchi aliyoiandika Ituru, yaani Unyaturu.

Kwa maelezo yake, ugomvi ulianza na maziwa yaliyodaiwa kuibwa na watu wake. Alilipa nguo, lakini wenyeji wengine hawakuridhika. Mishale ikaanza. Wapagazi wakakata miiba haraka na kujenga boma, kisha Stanley akagawa watu wake katika vikosi vidogo vyenye bunduki za Snider na kuvituma nje. Kikosi cha Farjalla Christie kiliwafukuza wenyeji mbali mno, kikazingirwa na karibu wote wakauawa. Vikosi vingine vilichoma vijiji na kuchukua nafaka. Kwa siku tatu za mapigano, kuanzia Januari 23, msafara ulipoteza watu zaidi ya 20.

Yeye aliita hiyo kujihami. Kuchoma vijiji na kubeba chakula cha watu ni zaidi ya kujihami, hata tukikubali kwamba mishale ilitangulia. Halafu hesabu ya waliokufa upande wa Wanyaturu tunayo kwa kalamu yake tu, ilhali magazeti yaliyomlipa yalitaka kisa cha kusisimua.

Kwa hiyo walimu wa historia wa Singida wangefanya kazi ya maana kama wangewaketisha wazee na kuandika wanayoyakumbuka juu ya wageni wa kwanza wenye bunduki. Wiki ijayo tutaufuata msafara hadi Kageyi, kando ya Nyanza, ulikofika Februari 27.