Pikipiki Kubwa Haitaki Haraka

Wakulima wengi wa skimu za makazi wanaijua pikipiki ndogo. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipolegeza kodi ya pikipiki zilizo chini ya cc 250, hakuna kijiji katika Bonde la Ufa kisichosikia mlio wake. Lakini siku hizi wako wakulima wanaotaka kubwa zaidi, kwa sababu shamba liko mbali na mji, kilima ni kikali, na ile ndogo huchoka njiani. Hilo si jambo baya. Baya ni mtu ambaye hajapata kuendesha hata ndogo kupanda kubwa na kudhani kwamba ni baiskeli yenye moshi.

Juzi tulikwenda Milimani, Nakuru, kwenye mteremko ulio chini ya Menengai, kumtazama mkulima mmoja wa upande wa Dundori akifundishwa. Ni mtu mzima mwenye ng'ombe wa maziwa, na maisha yake yote ameendesha baiskeli tu. Pikipiki yake ni Royal Enfield Himalayan ya cc 411. Ikiwa na mafuta, uzito wake ni karibu kilo 200, yaani magunia manne ya viazi ya kilo 50. Pikipiki ya cc 100 huwa kama kilo 110 tu.

Siku ya kwanza injini haikuwashwa

Mwalimu, ambaye ni kijana, alimwambia, "Mzee, leo hatuwashi kitu. Isukume mpaka kwenye ule mti, uigeuze, urudi."

Mkulima hakupendezwa. "Nimelipa nauli kutoka Dundori nije kusukuma chuma?"

"Ng'ombe mgeni, mzee, huzoezwa zizi kwanza ndipo akamuliwe."

Basi akasukuma. Akaiinamisha kidogo kushoto, kidogo kulia, akajua mwenyewe ni wapi uzito unapoanza kumshinda. Hilo ndilo somo kubwa kupita yote. Pikipiki nzito ikiwa katika mwendo husimama wima bila taabu. Hatari yake ni pale inapotembea polepole, inapogeuka au inaposimama, kwa maana hapo miguu yako miwili ndiyo inayoibeba.

Klachi kabla ya mbio

Siku ya pili walikwenda kwenye uwanja tambarare wenye nyasi fupi. Mkono wa kushoto ni wa klachi, na mguu wa kushoto ni wa gia. Mkono wa kulia hutia mafuta na kushika breki ya mbele. Mguu wa kulia ni wa breki ya nyuma. Mkulima alitiwa gia ya kwanza, akaambiwa aachie klachi polepole mpaka pikipiki ianze kuvuta, kisha aishike tena. Alifanya hivyo mara nyingi bila kutia mafuta. Mtu anayeachia klachi ghafula katika injini kubwa hurushwa mbele kabla hajajua kilichotokea.

Katika kugeuka, tazama unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Tena usishike breki ya mbele wakati mpini umepinda na mwendo ni mdogo.

Mkulima wetu alisahau neno hilo la mwisho. Alipokuwa akigeuka polepole alibana breki ya mbele, na kilo 200 zikaanza kulala upande wa kushoto. Wengi hapo hutia mguu chini ili kuizuia. Yeye aliachia mpini, akaruka kando, ikaanguka peke yake. Kioo kimoja kilivunjika. Tulidhani mwalimu atakasirika, lakini alimpa mkono. "Kioo tutanunua, mzee. Mguu hatungeupata dukani."

Na hilo kila mkulima alifikirie. Mguu ukivunjika, nani atakamua asubuhi? Nani atapalilia mahindi?

Kuinua kuna njia yake. Zima injini, iache kwenye gia ili isiteleze. Ipe kiti mgongo, shika mpini na chuma cha nyuma, kisha isukume kwa nguvu za miguu ukirudi hatua ndogo ndogo. Usiinue kwa kiuno.

Breki, kilima na matope

Unaposhika breki, uzito mwingi huenda mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ibane kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma, mpini ukiwa umenyooka. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimamia kwa breki huongezeka mara nne.

Barabara za Milimani zina miteremko, nazo zilimfundisha mkulima mambo mawili. Ukianza kupanda, shikilia breki ya nyuma mpaka klachi ivute, ndipo uiachie. Ukiteremka, tumia gia ndogo na uiache injini izuie mwendo. Usishuke huku umebana klachi.

Udongo wetu ni wa majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi ni vumbi linalozama, na mvua za Machi hadi Mei zikija huwa kama sabuni. Mwanafunzi asiingie humo mpaka aizoee barabara kavu. Hata mkebe wa maziwa usubiri. Lita 50 zina uzito wa kilo 50 na zaidi, na zikifungwa nyuma sana huifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi.

Sheria

Kabla ya kuingia barabarani, pata leseni ya muda ya kujifunza kutoka kwa NTSA, na uwe na bima. Vaa kofia ngumu na koti lenye kung'aa usiku. Abiria ni mmoja tu, na kwa anayejifunza heri asiwepo kabisa.

Je, ni lazima kuanza na kubwa? La. Ukiweza kuazima ndogo kwa majuma machache, anza na hiyo, kwa maana mikono na miguu hujifunza kazi yake bila kupambana na uzito. Lakini ikiwa uliyo nayo ni kubwa tu, fuata utaratibu huu: sukuma kwanza, klachi baadaye, breki, kilima, na mwisho mzigo. Usiruke hata hatua moja.

Jioni tulimwuliza mkulima kama ataiendesha mpaka nyumbani. Alitazama mawingu juu ya kilima cha Dundori, akacheka. Alipanda matatu, na pikipiki ikabaki Milimani mpaka juma lililofuata. Ng'ombe walikamuliwa kama kawaida.